Korongo na Vijia vya Fuko

Korongo alikuwa mjumbe wa wanyama wa bondeni, na kila habari ilipitia kwake. Fuko, aliyeishi chini ya ardhi, akaanza kuchimba vijia toka shimo hadi shimo, ili kila mnyama aweze kusema na jirani yake.

Korongo akamcheka. "Unajichosha bure, Fuko. Mimi nipo. Nani atataka kunong'ona udongoni?"

Asubuhi moja mguu wa Korongo ukanaswa na mtego wa kamba nene. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini wenzake walikuwa mbali, na mjumbe wa kwenda kuwaita alikuwa ni yeye mwenyewe. Akaishia kugonga ardhi kwa mdomo wake.

Fuko akausikia mshindo ule. Akamwambia Panya, Panya akamwambia Buku, Buku akamwambia Nungunungu. Muda si muda wakatokea wote, pamoja na watoto wao. Kamba ilikuwa nene mno kwa meno ya mmoja, basi wakagawana nyuzi zake, kila mmoja akatafuna wake. Kamba ikakatika kabla mtegaji hajafika.

Korongo akainamisha shingo yake ndefu mpaka ikagusa vumbi. "Ahsanteni, jirani zangu. Niliwadharau, nanyi mmenirudishia uhai."

Tangu siku hiyo, kila kunapokucha, Korongo hutua kwanza mlangoni kwa Fuko.

"Shikamoo," humwambia.

Na toka chini udongoni hujibiwa, "Marahaba, jirani."