Shahidi wa Mguu

Siku hizi mguu haukatwi mpaka mtu wa nyumbani athibitishe kwamba umekufa. Mashine hairuhusiwi kusema. Shahidi wa mguu wa Baba Tunu ni mimi, mkewe.

Tangi lake la oksijeni, refu la kulala mtu mzima, limekaa sebuleni, pale lilipokuwa kabati la vyombo. Kila asubuhi analala humo kwa muda wa saa moja na nusu, hewa ikimkandamiza, dripu ya kuyeyusha damu iliyoganda ikiingia pajani. Mimi huku nachambua mchele. Mlango ukifunguka, namfunika miguu kwa kanga asione, nafinya kidole kimoja, namuuliza kama anasikia. Jibu naliingiza kwenye kifaa cha hospitali.

Leo ilikuwa siku ya saba, ya mwisho ya ushahidi. Kidole gumba kimeshakuwa cheusi, na kina baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji.

Tangu juzi nilishagundua kwamba huwa analitazama bega langu. Likishuka tu, anajibu. Kwa hiyo leo nilishusha bega, mikono nikaiacha mapajani mwangu.

"Unasikia, Baba Tunu?"

"Nasikia. Kidole gumba. Leo umefinya kweli, Mama Tunu."

Kifaa kikaniletea vitufe viwili: "anasikia" na "hasikii". Daktari alishatuambia kwamba mguu uliokufa ukiachwa, unaondoka na mwenyewe. Baba Tunu alikuwa ananitazama usoni, anatabasamu.

Nikabonyeza "anasikia", kama jana na juzi. Kisha nikarudi kwenye mchele wangu.