Kauli ya Chini ya Hariri

Mchana kweupe, ndani ya hema la Toghan, mtu alikuwa akikabwa koo huku akicheka.

Chabish, aliyekuwa akipita na bakuli lake la maziwa ya farasi yaliyochacha, alisimama. Koo zote za bonde la Orkhon zilikuwa zimekuja barazani kumchagua kagani, mtawala wa koo zote, mahema yamejaa mpaka mtoni, na katika fujo ile hakuna aliyeshughulika na mzee mnene aliyebandika sikio kwenye hema la mtoto wa kaka yake.

“Tena!” Hiyo ilikuwa sauti ya Aybike, mke wa Toghan. “Zunguka, zunguka! Haya, nakaza. Utatutawala kwa muda gani?”

“Mkia wa kondoo,” Toghan alikoroma.

“Mkia wa kondoo! Ukisema hivyo mbele ya watu, mume wangu, mimi nahamia kwa Wachina.”

“Mbona unakaza hivyo, mama we! Unanikaba au unakamua nguo?”

“Kesho kitambaa kitakuwa mikononi mwa ami yako. Unadhani yule atakuonea huruma? Inuka, tena!”

Kitu kizito kilianguka, vyombo vikalia, wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha ikatoka sauti ya Toghan, imekwaruza lakini imenyooka:

“The-la-thini.”

“Hapo sasa!” Aybike akapiga vigelegele.

Nje, Chabish aliyamwaga maziwa yote kwenye viatu vyake.

Desturi haikuwa na mzaha. Aliyechaguliwa hukalishwa kwenye zulia la sufu, akanyanyuliwa na kuzungushwa mara tisa, kisha akakabwa kwa kitambaa cha hariri mpaka macho yatake kumtoka. Katika kizunguzungu hicho ndipo huulizwa swali. Atakachoropoka ndicho atakachotawala. Kikiisha, anashuka, na hachaguliwi tena maisha yake yote. Kaka yake Chabish aliropoka kumi na moja. Waliomtangulia waliropoka tano, sita. Mtu wa thelathini alikuwa hajazaliwa.

Na Chabish alikuwa na miaka sitini. Kofia ya dhahabu ya kagani aliitamani tangu hajaota meno, na sasa baraza lilikuwa limemruka kwa mara nyingine, likamtaka kijana anayechekesha watu na kufundisha vipanga kuwinda. Haya, alijifariji, kijana ataropoka tatu au nne, nami nitangoja. Lakini thelathini! Watakuja kuizungusha mifupa yangu?

Kilichomkera zaidi ni vile Toghan alivyojifanya hataki. Baraza lilimwita, akakataa. Likamwita tena, akakataa tena, eti vipanga wake watakosa mtu wa kuwalisha. Wazee wakatokwa na machozi kwa adabu yake. Mwishowe wakamwambia kuzidi kukataa ni kuwatukana mababu, naye akainamisha kichwa. Mnafiki mkubwa!

Jioni ile Chabish aliifanyia mazoezi mikono yake kwenye shingo ya kondoo dume. Kondoo alipoachiwa alimpiga kichwa cha mbavu, na Chabish akafurahi, maana aliona mkazo umemvuruga kondoo akili.

Siku ya pili, ngoma zikapigwa. Vijana wenye nguvu wakalishika zulia, Toghan akapaa, wakaanza kumzungusha. Aliyehesabu mizunguko ni Chabish, na hesabu yake ilikuwa na kigugumizi.

“Sita! Sita! Eh, sita!”

“Mzee, hiyo sita mbona haiishi?” mtu akapiga kelele, umati ukaangua kicheko.

Walipomshusha, Toghan alitembea kiupandeupande kama kuku aliyekunywa pombe, akamkumbatia farasi akidhani ni mkewe. Wakamrudisha. Chabish akamzungushia hariri shingoni.

“Uniwie radhi, mwanangu,” akamnong'oneza.

“Usijali, ami. We kaza tu.”

Akakaza kweli. Akaweka goti mgongoni. Uso wa Toghan ukawa mwekundu, ukawa zambarau, ukawa rangi isiyo na jina. Mzee Tolun, mtunza sheria, akasogea.

“Toghan! Utatutawala kwa muda gani?”

“Mki…” alisema Toghan. “Mkia…”

Moyo wa Chabish ukaruka kwa furaha. Mbele ya umati, Aybike aling'ata mkono wa joho lake.

“The… la… thini!”

Bonde zima likalipuka. Kofia zikarushwa juu, farasi wakakata kamba, watu wasiojuana wakabusiana. Chabish aliachia kitambaa, akaketi kwenye nyasi akalia kwa sauti, na wote waliomwona wakasifu mapenzi yake kwa mtoto wa kaka yake. Aybike peke yake hakupiga kelele. Alikuwa akikikazia macho kifua cha mumewe, midomo yake ikichezacheza polepole kama mtu anayeomba.

Ilimchukua Mzee Tolun muda kuwanyamazisha watu.

“Mmesikia!” alinguruma. “Kauli imetoka chini ya hariri. Hakuna wa kuiongeza, hakuna wa kuipunguza, si mimi, si yeye mwenyewe. Miaka thelathini!”

Toghan alikuwa amepiga magoti, anahema. Akajifuta mdomo, akainua uso.

“Miaka? Nani kasema miaka?” aliuliza. “Pumzi, mzee wangu. Aybike, nimebakiza ngapi?”

“Mbili,” alisema Aybike.