Zawadi ya Chapuchapu

Mlangoni mwa ndege Chapuchapu alisimama ghafla. Alisoma namba ndogo iliyoandikwa ubavuni, akaisoma tena, kisha akarudi nyuma hatua moja na kumkanyaga mkewe.

"Mama Pacha, tushuke."

"Tushuke twende wapi? Hata kukaa hatujakaa." Mkewe alimsukuma kwa mkoba. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Songa, unazuia watu."

Akasonga. Nyuma yao kulikuwa na foleni ya watu na mizigo yao na watoto wao, na mwanamume mzima hawezi kuwapangua wote hao bila kutoa sababu. Sababu alikuwa nayo. Haikuwa ya kusemwa mbele za watu.

Tiketi zilikuwa zawadi. Wiki mbili zilizopita mkurugenzi alimpandisha jukwaani, akamshika bega na kuwaambia wafanyakazi wote, "Huyu bwana, miaka kumi na tisa, hajawahi kuchelewesha kazi hata siku moja." Wenzake walipiga meza wakiliita jina walilompa wao wenyewe, Chapuchapu, Chapuchapu, mpaka vikombe vikaruka. Bahasha ikafunguliwa: watu wawili, daraja la biashara, kwenda na kurudi. Mkewe hakupata usingizi siku tatu kwa furaha.

Na sasa alikuwa amefika, na hakuwa na nia ya kuacha kitu. Alibonyeza kila kitufe alichokiona. Kiti kililala, kikainuka, kikamkanda mgongo.

"Hiki si kiti," alisema. "Hiki ni kitanda kilichokwenda shule."

Alivaa soksi za bure, akatia za mumewe mkobani pamoja na miswaki miwili na krimu ya mikono. Dada yake alikuwa amemwonya asirudi na maneno matupu, arudi na ushahidi.

Chapuchapu hakugusa chochote. Mhudumu, binti mrefu mwenye sauti ya upole, alipopita akifunga makabati ya juu, Chapuchapu alimvuta mkono wa koti.

"Binti, mlango umeshafungwa?"

"Bado kidogo, mzee. Kuna tatizo?"

Alifungua kinywa. Neno moja tu, na abiria wote wangeshushwa, yeye akiwa wa kwanza, na huenda jioni hiyo asingelala kwake. Alimtazama mkewe, aliyekuwa akijipiga picha na glasi ya juisi, kidole kidogo kimenyooka kama cha bibi harusi.

"Naomba maji," alisema.

Mlango ukafungwa. Ndege ilipopaa alifumba macho akasikiliza. Chini ya sakafu kitu kiliguruma, kikagota, kikanyamaza.

"Yameingia," alinong'ona.

"Nini?"

"Magurudumu."

"Na yaingie. Yabaki nje yafanye nini?"

"Kuingia si kazi, mke wangu. Kazi kutoka."

Mkewe alimwangalia kwa huruma kidogo, kisha akaiangalia orodha ya vyakula kwa huruma zaidi, kwa kuwa tumbo ni moja. Kitambaa cheupe kilitandikwa. Samaki akaja, na mkate wa moto, na siagi iliyofinyangwa mfano wa ua. Chapuchapu aliisogeza sahani yake kando.

"Na tukianguka?"

"Kifo cha wengi harusi. Nipe huo mkate kama huli."

Aliinuka aende msalani, ila akajikuta amelifunua pazia la nyuma. Vichwa vilijaa hadi mkiani. Mtoto alikuwa akilia, mzee mmoja amesinzia na kofia usoni, wasichana watatu wakigombea dirisha. Alianza kuwahesabu, akafika sitini, akashindwa kuendelea. Alirudi kitini, akamwomba Mungu kimoyomoyo kwa maneno aliyofundishwa utotoni, maana ya ukubwani yalimwishia.

Saa mbili zilipita hivyo. Kisha rubani akatangaza kwamba wanaanza kushuka, hali ya hewa chini ni nzuri.

Mhudumu alikuja kukusanya glasi. Chapuchapu alimshika mkono, na safari hii hakuuachia.

"Binti, niambie kweli. Haya magurudumu huwa yanakaguliwa?"

"Yanakaguliwa, mzee. Haturuki mpaka fundi awe ameyatazama kwa macho yake na kutia sahihi."

Mkewe aliangua kicheko. "Usijisumbue kumjibu, mwanangu. Mganga hajigangi. Fundi mwenyewe si ndiye huyu? Miaka kumi na tisa yuko chini ya matumbo ya hizi ndege zenu, leo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda. Hii tuliyopanda huenda aliikagua yeye juzi tu. Au siyo, baba?"

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa.

Binti alishusha pumzi ndefu, akainama karibu na sikio lake. "Basi na mimi nikwambie siri, mzee wangu. Mwaka wa tatu huu niko kazini, na kila tukitua moyo unataka kunitoka. Leo siogopi."

Alikwenda kwenye kiti chake kando ya mlango, akafunga mkanda, akampungia mkono kwa tabasamu. Chapuchapu naye akampungia.

Fomu ya magurudumu aliitia sahihi juzi saa nne asubuhi. Ndege yenyewe ilitua siku hiyo hiyo saa saba mchana.