Kwato za Pundamilia

Hapo kale wanyama walipokuwa na runinga, waliandaa shindano la wanamitindo, na kila wiki aliyeshindwa jaribio alirudishwa kwao. Pundamilia alishinda yote. Alitembea juu ya gogo bila kuyumba, akapigwa picha huku nzi wakimtambaa usoni asipepese jicho. Milia aliirithi kwa baba. Mama yake alikuwa Punda, mchukuzi wa maji, na hilo hakumwambia mtu.

Siku ya fainali Punda akatokea nyuma ya jukwaa, ameshika kichupa cha mafuta ya nazi.

"Nani wako huyu?" aliuliza Swala, mpinzani wa Pundamilia.

"Mfanyakazi wetu wa nyumbani," alijibu Pundamilia.

Punda alisikia. Alipiga magoti akaanza kumpaka binti yake mafuta kwenye kwato.

Ndipo Korongo, jaji mkuu, alipotangaza jaribio la mwisho: kila mmoja angetembea na mama yake, na akina mama walikuwa wameshaitwa kwa siri.

Swala alitembea na mama yake. Korongo akamgeukia Punda. "Wewe ndiye mama wa Pundamilia?"

Punda alimtazama binti yake. Binti akatazama chini.

"Hapana, mzee," akasema Punda. "Mama yake anaumwa. Mimi ni mfanyakazi wao tu."

Majaji walimhurumia Pundamilia, wakamruhusu atembee peke yake, na akashinda. Alipovishwa taji, Nyani wa kamera alimwomba ainue uso. Hakuweza. Alikuwa akitazama kwato zake, jinsi zilivyong'aa.