Mgeni Kitandani kwa Bibi

Kiingereza changu hakina mpinzani wilaya nzima, ndiyo maana tovuti ya utalii ya mji wetu niliiandika mimi. Na sheria mnaijua: kilichoandikwa humo lazima wananchi tukitimize, mgeni asidanganywe.

Sasa kuna Mholanzi anakoroma kitandani kwa bibi yangu, kwa kuwa tovuti inasema kila nyumba hapa ni hoteli. Hodi nyingine ikapigwa mlangoni.

“Nani kaandika upuuzi huu?” Mama akafoka.

“Watakuwa wa makao makuu,” nikasema. “Hovyo kabisa wale.”

Bibi akajigeuza kwenye mkeka, kashika kiuno. “Hizza, si ulinakili tangazo la hoteli mbele yangu ukalibandika kwenye tovuti hiyo, macho kwenye mpira? Nikakuuliza, unayaelewa hayo? Ukanijibu, ‘Bibi, wewe lala.’”