Dole Gumba Kwenye Sabuni

Fundi Mabruki alitoka uvunguni mwa lori akiwa na sampo ya giaboksi mikononi, lile karai la bati linalobeba oili, akamwonyesha Nyamizi palipotoboka.

“Shemeji, hapa ndipo oili inapovujia, giaboksi inachemka mlimani. Tundu limezibwa na sabuni ya mche. Ngoja niibandue tuone.”

“Usiiguse,” alisema Nyamizi.

Sabuni ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama jiwe, na juu yake palikuwa na alama ya dole gumba. Mumewe aliikandika mwenyewe katika safari yake ya mwisho. Tangu azikwe, Nyamizi ndiye aliyeshika usukani, na kila safari aliongeza oili, akikataa katakata sampo ifunguliwe, mpaka giaboksi ilipoanza kuchemka.

Fundi akaitazama ile alama.

“Marehemu aliniambia ataibadilisha sampo akirudi,” alisema.

Akafunga filta mpya, kisha sampo mpya, yenye kina zaidi kuliko ile ya kwanza. Ile kuukuu akaiweka kwenye kiti cha abiria, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Nyamizi alipanda mlima na shehena yake ya saruji. Kule juu, pale alipozoea kuongeza oili, alisimama. Akajipenyeza uvunguni, akaipapasa sampo mpya huku na huku. Ilikuwa kavu, haina hata tone.

Alibaki amelala pale vumbini, kiganja kwenye chuma chenye joto, na malori mengine yakawa yanampita.