Nyaya Chini ya Dashibodi

Mwasiti alitua salama, akazima injini, akashuka kwa hasira. Kioo kipya cha kielektroniki cha kuongozea ndege kilikuwa kimezimika angani, akiwa katikati ya wingu, na redio nayo ikanyamaza.

"Chikoti!" alimwita fundi aliyekifunga kioo hicho. "Ulibadilisha nyaya zote?"

"Zote, dada. Ndege yenyewe ndiyo imechoka."

"Kuchoka kwake nakujua, ni yangu. Nimekuuliza nyaya."

"Nimeshasema, zote. Iko salama kabisa."

"Basi panda. Tunarudi kule kule kwenye wingu, mimi na wewe."

Chikoti alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akapanda na kufunga mkanda. Injini ikawaka, kioo kikang'aa kwa rangi zake nzuri, ndege ikaanza kutembea. Walipofika kwenye njia ya kurukia, Chikoti akamshika mkono.

"Zima, dada. Tafadhali."

Mwasiti akazima. Fundi akainama chini ya dashibodi, akaanza kuvuta. Nyaya kuukuu, zilizochunika na kuungua, zikawa zinaangukia miguuni pa Mwasiti, naye bado ameung'ang'ania usukani kwa mikono miwili.